Jinsi ya kuchimbua asili ya jina la ukoo la Kikroatia, kwa mfano wa Jurić

Ukiingia kijiji cha Dalmatia ya ndani, kusini mwa Kroatia, huko nyuma ya mlima Biokovo, mzee aliyekaa mlangoni hatakuuliza unaitwa nani. Atakuuliza, “Čiji si?” Wewe ni wa nani? Sisi tuliokulia Tanga tunalijua swali hilo tangu utotoni: unamtaja baba, ikibidi unamtaja na babu, mpaka muulizaji aseme, “Aaa, kumbe!” Majina mengi ya ukoo ya Wakroatia ni majibu ya swali hilo yaliyobaki kwenye karatasi. Jurić ni wa Jure. Marković ni wa Marko. Perišić, yule winga aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018, ni wa Periša, na Periša ni jina la kudekeza la Petar.

Nimeolewa katika ukoo wa Jurić na wanangu wanalibeba jina hilo. Kwa miaka sasa nimekuwa nikiwasaidia wazazi wenzangu Waswahili, wenye watoto wa majina yanayoishia na -ić, kutafuta yalikotoka. Wengi huja wakiwa na sentensi moja waliyoipata kwenye simu: “Maana yake ni mwana wa George.” Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inawahusu maelfu ya familia zisizo na undugu wowote. Jurić ni miongoni mwa majina yaliyoenea sana Kroatia, kutoka Istria magharibi hadi Slavonia mashariki, na hata ng'ambo ya mpaka, Herzegovina. Anachostahili mtoto kujua ni Jure yupi, wa kijiji gani, na lini jina la mtu yule mmoja liligeuka kuwa la wajukuu na vitukuu vyake wote. Njia ninayoieleza hapa inafaa pia kwa Matić, Antić, Tomašević na wenzao.

Kwanza liandike sawasawa

Herufi ya mwisho ni ć, yenye kistari kimoja cha mshazari juu yake. Inasomeka kama “ch” yetu, ila laini zaidi, ulimi ukigusa mbele. Iko pia č, yenye alama kama V ndogo, ambayo ni nzito zaidi. Hizo ni herufi mbili tofauti. Herufi j inasomeka kama “y” yetu, kwa hiyo Jurić hutamkwa “Yurich”. Đ ni kama “j” yetu katika “jua”.

Vyeti vya nje ya Kroatia mara nyingi hukata alama hizo na kuacha “Juric”. Usikubali utafutaji wako uanzie hapo na kuishia hapo. Kabla ya mageuzi ya tahajia yaliyoanzishwa na Ljudevit Gaj mwaka 1830, kila karani aliandika kwa tahajia ya lugha ya utawala wake. Pwani ya Dalmatia ilikuwa chini ya Venezia hadi 1797, na makarani waliandika Jurich au Iurich. Đurić wakaliandika Giurich. Palipotawala tahajia ya Kihungaria utakuta Jurics, na ya Kijerumani, Juritsch. Huko Kroatia ya kaskazini, Kilatini kilibaki lugha rasmi hadi 1847, na padri aliyeandika Kilatini angeweza kuligeuza jina la kwanza la mtu lisitambulike kabisa. Kwa hiyo, kabla hujafungua daftari lolote la kanisa, chukua karatasi uorodheshe sura zote ambazo jina lako linaweza kuwa nazo. Orodha hiyo iwe karibu nawe muda wote.

Waliohama walibeba tahajia ya zama walizoondokea au waliandikwa upya walikofika. Visiwa vya Dalmatia vilipoteza watu wengi sana mwishoni mwa karne ya 19, pale mkataba wa mvinyo baina ya Austria-Hungaria na Italia wa 1891 ulipoangusha bei na kisha mdudu wa filoksera kukausha mizabibu. Watu wa kisiwa cha Brač walijaa Chile. Gabriel Boric, aliyekuwa rais wa Chile kuanzia 2022, ni wa uzao wa wahamiaji kutoka kisiwa cha Ugljan. Nyumbani jina hilo ni Borić. Australia na New Zealand -ić nyingi zimebaki -ich. Katika mkoa wa Molise, Italia, kuna vijiji vilivyoanzishwa na Wakroatia waliowakimbia Waosmani, yaani Waturuki wa zama zile, katika karne ya 16, na huko utawakuta akina Giorgetta na Iurescia. Majina hayo yametoka kwenye mzizi huohuo wa Jure, ingawa kwa macho huwezi kudhani.

Jambo jingine dogo lililowakwamisha wengi: katika faharasa za Kikroatia, č na ć zina nafasi zao baada ya c, na đ huja baada ya dž. Ukimtafuta Đurić katikati ya akina D utaondoka ukisema hayupo.

Kisha likate

Jina la namna hii lina sehemu mbili au tatu. Nyuma kuna -ić, kiambishi cha udogo, sawa na kusema “kijana wa” au “mdogo wa”. Katikati, si kwa majina yote, kuna -ov- au -ev-, ambayo ni ya umiliki. Mbele kuna mzizi. Marković ni Marko, kisha -ov-, kisha -ić: kijana wa Marko. Konsonanti ikiwa laini, -ov- hugeuka -ev-, ndiyo maana ni Tomašević na Knežević. Jurić halina daraja la katikati. Ni Jur- na -ić tu.

Kuna majina yanayoishia kwenye umiliki bila ya -ić. Juričev, lenye mizizi katika eneo la Vodice karibu na Šibenik, ni mfano mzuri, na pia Jurin. Kaskazini, wanakosema lahaja ya kikajkavi, mkia huwa -ec, -ek au -ak: Jurinec, Jurak. Kwa hiyo mkia wenyewe ni dira. Haukupeleki mlangoni, lakini unakuelekeza upande wa nchi.

Jina hili halibadiliki kwa jinsia. Kaka ni Jurić, dada ni Jurić, na mke akipenda kulichukua ni Jurić vilevile. Si kama kwetu palipokuwa na bin na binti, wala si kama Urusi. Wakiwa wengi, ukoo mzima, wanaitwa Jurići, na bara ya Dalmatia utakuta vitongoji vinavyoitwa hivyo kwenye ramani. Ni nyumba chache za mawe zilizobeba jina la aliyejenga ya kwanza.

Uliza mzizi ni nani, au ni nini

Jure ni sura ya Dalmatia na Herzegovina ya jina Juraj, yaani Georgius wa Kilatini, ambaye ni Georgios wa Kigiriki: mwenye kulima ardhi, mkulima. Slavonia watasema Juro au Đuro, Dubrovnik Đuro, Zagorje Jura. Kutokana na jina la mtakatifu huyohuyo mmoja, Mtakatifu George, wamezaliwa Jurić, Juričić, Jurišić, Jurković, Jurčević, Juranović, Đurić, Đurđević na wengine wengi. Kila moja lina hatua yake katikati. Jurišić, kwa mfano, linapitia Juriša. Ndilo jina la ukoo la Nikola Jurišić wa Senj, aliyeulinda mji wa Kőszeg mwaka 1532 dhidi ya jeshi la Sultani Suleiman.

Usimwambie mtoto kwamba wahenga wake waliitwa hivyo kwa sababu walilima. Walilima kweli, kama karibu kila mtu wa zama zile, lakini jina walipewa kwa heshima ya mtakatifu. Sikukuu yake, Jurjevo, tarehe 23 Aprili, ilikuwa mlango wa majira ya kazi: wachungaji walipatana ujira kuanzia siku hiyo na mifugo ikatolewa kwenda malishoni. Katika nchi ya wachungaji, haishangazi kuwa kila nyumba ilikuwa na Jure wake.

Hapo kwenye mzizi ndipo pa kutulia, kwa sababu -ić hubebwa na majina ya kila aina. Ichukue timu ya Kroatia iliyoanza fainali ya Moscow tarehe 15 Julai 2018. Wachezaji wanane kati ya kumi na mmoja walikuwa na -ić mgongoni. Perišić na Brozović ni majina ya kutokana na baba. Broz ni kifupi cha Ambroz, na ndilo jina la ukoo la Josip Broz Tito, kiongozi wa Yugoslavia, mzaliwa wa Kumrovec, aliyefika Tanzania mwaka 1970. Kwake limebaki bila mkia wowote, jina tupu la mhenga. Lakini Modrić lina modar ndani yake, rangi ya bluu iliyokolea. Rakitić lina rakita, aina ya kichaka cha jamii ya mrebi kinachoota penye maji. Subašić lina subaša, ofisa wa utawala wa Kiosmani. Mashabiki wa Simba na Gor Mahia watamkumbuka kocha Zdravko Logarušić, “Loga”: logar ni mlinzi wa misitu. Kovačić na Kovačević ni wa mhunzi, na wahunzi walikuwa kila kijiji, ndiyo maana akina Kovačević hawahesabiki.

Halafu kuna majina ya mama, na haya nayapenda zaidi kuliko yote. Anić ni wa Ana. Katić ni wa Kata. Udovičić ni wa mjane, udovica. Baba akifa mapema, au akienda vitani asirudi, kijiji kiliwajua watoto kwa mama aliyewalea, na karani akaandika alichosikia. Marić inabidi uwe makini nalo: linaweza kuwa la Mara, mwanamke, au la Mare au Marin, wanaume. Borić nalo lina njia mbili: Bore, kifupi cha majina kama Borislav na Borivoj, au bor, msonobari. Kwa upande wa jina la mtu tunao ushahidi wa kale, maana Bosnia ya karne ya 12 ilitawaliwa na mtu aliyeitwa Ban Borić, ban kikiwa cheo cha mtawala. Kamusi haiwezi kukuamulia kati ya njia mbili za namna hiyo. Kijiji ndicho kitakachoamua.

Kijiji kabla ya maana

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Bila jina la kijiji, kila utakachopata ni habari za majirani wa mbali.

Anza na karatasi zilizo nyumbani. Rodni list ni cheti cha kuzaliwa cha Kroatia. Domovnica ni cheti cha uraia. Kama babu mkwe yu hai, mwombe akuonyeshe krsni list, cheti cha ubatizo, kwa sababu hicho hutaja parokia, na parokia ndiyo inayotunza daftari. Kama familia ilihamia Ujerumani, Australia au Marekani zamani, tafuta fomu ya meli au ya uraia mpya. Mara nyingi waliandika “Austria” au “Yugoslavia”, lakini kuna fomu zinazotaja kijiji. Usidharau picha: nyuma ya picha za zamani kuna mhuri wa studio, na mhuri una jina la mji.

Ikiwa hakuna karatasi, kuna kitabu kikubwa kinachoitwa Leksik prezimena Socijalističke Republike Hrvatske, kilichotolewa mwaka 1976 kwa kutumia sensa ya 1948. Kimepanga majina ya ukoo na mahali yalikokuwa, kabla watu hawajakimbilia mijini kwa wingi. Ni hazina. Kwa jina adimu kinaweza kukupeleka moja kwa moja kwenye kijiji kimoja au viwili. Kwa Jurić kitakupa nchi nzima, na hapo utahitaji kitu cha pili, yaani nadimak.

Nadimak ni lakabu ya nyumba. Kijiji chenye nyumba ishirini za Jurić hakiwezi kuishi kwa jina moja, kwa hiyo kila tawi linabandikwa jina lake: la babu fulani, la kazi, la kilema, la tabia. Limerithiwa vizazi na vizazi, na bado linatumika dukani na kanisani. Mapadri walilijua tatizo hilo, wakaliandika daftarini baada ya maneno kama zvani kwa Kikroatia, detto kwa Kiitaliano, dictus kwa Kilatini, yote yakimaanisha “aitwaye”. Mama mkwe wangu huwa hatamki Jurić akimzungumzia jirani hata mara moja. Anataja nadimak tu, na mimi nilijifunza ukoo mzima kwa lakabu kabla sijazijua sura. Muulize mtu mzee zaidi katika familia, tena muulize sasa, hata kwa simu: “Koji je vaš nadimak?” Lakabu ya nyumba yenu ni ipi? Ukiipata, umewapunguza akina Jurić wa kijiji kizima hadi nyumba moja.

Kulisoma daftari

Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki (1545 hadi 1563), ndio uliowaamuru mapadri kuandika ubatizo na ndoa, na mwongozo wa ibada wa 1614 ukaongeza vifo na orodha ya waumini nyumba kwa nyumba. Orodha hiyo inaitwa status animarum, kwa Kikroatia stanje duša, hali ya roho. Ukiikuta parokia yenye stanje duša, anzia hapo hata kama ni ya karne ya 19. Inampanga baba, mama, watoto, wakwe na wajane chini ya dari moja, na mara nyingi na nadimak juu yake.

Madaftari mengi ya zamani yapo kwenye hifadhi za nyaraka za serikali: Hrvatski državni arhiv mjini Zagreb, na hifadhi za mikoa kama Zadar, Split, Dubrovnik, Pazin na Rijeka. Mengi yamepigwa picha na yanaonekana bila malipo kwenye tovuti ya FamilySearch ukijiandikisha. Ya karibuni zaidi yako kwa msajili wa serikali, matičar, kwani mwaka 1946 usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulitoka kanisani ukawa kazi ya dola.

Fungua ukurasa. Ya karne ya 19 yana safu zilizochapwa: namba, tarehe, mtoto, wazazi, msimamizi, padri. Ya nyuma zaidi ni mistari mitupu ya wino uliogeuka kahawia. Usijaribu kusoma kila neno. Mstari mmoja utafanana na huu: “Georgius, filius Matthaei Jurich quondam Georgii et Luciae coniugum.” Twende naye taratibu. Georgius ni mtoto anayebatizwa. Nyumbani aliitwa Jure. Filius Matthaei Jurich, mwana wa Mate Jurić. Quondam Georgii: Mate huyo naye ni mwana wa marehemu Jure. Luciae ni mama, na coniugum inasema wazazi wamefunga ndoa. Vizazi vitatu katika mstari mmoja, na umeona jambo: mtoto amepewa jina la babu yake mzaa baba. Hiyo ni desturi iliyoshikwa sana Dalmatia, kama ilivyo kwetu pwani mjukuu kupewa jina la babu. Kwa hiyo ukoo hupishana Jure, Mate, Jure, Mate. Unaweza kukisia jina la kizazi usichokiona, lakini ukisie ili utafute, usikisie ukaandika.

Neno quondam lina thamani kubwa kuliko udogo wake. Linafupishwa q. au qm. Kwenye karatasi za Kiitaliano utakuta fu kwa baba aliyefariki na di kwa baba aliye hai: Antonio Jurich fu Matteo, Antonio Jurich di Matteo. Kwa Kikroatia ni pok., kifupi cha pokojni, marehemu. Utaliona hadi leo kwenye makaburi: Jurić pok. Ante. Ukimkuta mtu yuleyule akiwa di mwaka 1851 na fu mwaka 1854, umeshajua baba yake alifariki katikati ya miaka hiyo, na unajua ni kurasa zipi za daftari la vifo uzifungue. Nimeona watu wakitafuta kifo cha mtu kwa wiki nzima katika kurasa za miaka thelathini, na jibu lilikuwa kwenye herufi mbili.

Angalia na msimamizi wa ubatizo, kum. Makumu walikuwa jirani na ndugu wa upande wa mama, nao hurudiwa mtoto baada ya mtoto. Ukiwa na akina Mate Jurić wawili wenye wake wanaoitwa Lucia, makumu ndio watakaokutenganishia. Na ukimwona Jure amebatizwa 1802 na Jure mwingine wa wazazi walewale 1805, usiseme padri amekosea. Tafuta kwanza vifo. Mara nyingi yule wa kwanza alikufa mdogo na jina likapewa mdogo wake ili lisipotee.

Baadhi ya faharasa za zamani zimepangwa kwa jina la ubatizo, si la ukoo. Humo Jurić hayupo kwenye J. Yupo kwenye G ya Georgius, L ya Lucia, M ya Matthaeus.

Kuipata siku jina lilipoganda

Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Zamani Jurić halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa taarifa: huyu baba yake ni Jure. Mtoto wa huyo, kama baba aliitwa Mate, angeitwa Matić, na mjukuu angebadilika tena. Katika miji ya pwani kama Zadar, Split na Dubrovnik majina yalianza kutulia tangu karne ya 12. Vijijini yalichelewa sana, na ni madaftari ya kanisa yaliyoyatuliza.

Kipimo ni hiki. Panda nyuma kizazi kwa kizazi, na kila unapomkuta Jurić tazama baba yake anaitwa nani. Maadamu Jurić ni mwana wa Mate, na Mate huyo ni Jurić, jina limeshaganda. Endelea. Siku utakapomkuta Jurić ambaye baba yake ni Jure, na huyo Jure ana jina lingine la ukoo au hana kabisa, simama usome ukurasa huo mara mbili. Yumkini ndiye Jure mwenyewe. Lakini kwa sababu ya desturi ile ya kupishana, utakutana pia na akina Jure ambao walishakuwa Jurić. Ndiyo maana lazima upande hatua moja zaidi, uhakikishe baba wa Jure huyo hakuwa na jina hilo.

Wengi wenu daftari litakwisha kabla ya kufika hapo. Bado kuna ngazi. Kwa Wakatoliki wa Bosnia na Herzegovina, Askofu Pavao Dragićević aliorodhesha wakuu wa nyumba katika hesabu ya 1743, na Askofu Marijan Bogdanović mwaka 1768. Ukoo wowote wa Dalmatia ya ndani wenye hadithi ya “tulitoka Bosnia” uangalie humo. Nyuma zaidi kuna defteri za ardhi na kodi za Waosmani, kama ile ya sandžak (mkoa wa Kiosmani) ya Klis ya mwaka 1550. Humo msomaji wa Kiswahili atajiona nyumbani: Waislamu wameandikwa kwa bin, na Wakristo kwa veled, ndilo neno walad la Kiarabu. Marko veled Jure. Hapo jina bado liko mdomoni, halijaganda. Defteri peke yake haithibitishi kwamba Jure huyo ni wako, hata kijiji kikiwa kilekile, kwa sababu vita viliwahamisha watu na mashamba yakachukuliwa na wageni.

Wenye asili ya Istria na Zadar wana kikwazo cha kwao. Miaka ya 1920 na 1930 utawala wa Kifashisti wa Italia ulilazimisha majina yageuzwe ya Kiitaliano. Mengine yalikatwa mkia, mengine yalitafsiriwa: Vodopivec, mnywa maji, likawa Bevilacqua. Ukiwa na jina la Kiitaliano kutoka kijiji cha Kikroatia, tafuta ubatizo wa kabla ya 1927.

Mambo ya kuacha

Usinunue nembo ya ukoo. Wauzaji wa nembo humwuzia kila Jurić ngao ileile, ilhali kama iko ilikuwa ya familia moja yenye hati, na hati hizo hutajwa kwa jina la mtu na mwaka. Na usimpime mtu dini au taifa kwa mkia wa jina. Đurić wapo Wakroatia na Waserbia, na -ić inabebwa na Waislamu wa Bosnia pia. Nimesikia maneno makali yakisemwa mezani kwa sababu ya herufi moja, na watoto wa nyumba mbili wamewahi kuumia kwa hilo. Daftari la ubatizo litakuambia alikuwa nani, herufi haitakuambia.

Barua kwa paroko

Mwisho utaandika parokiani, kwa sababu stanje duša mara nyingi limebaki sakristia. Andika kwa Kikroatia, hata kama ni mistari minne. Salamu ya padri ni “Hvaljen Isus i Marija”, kama sisi tunavyosema “Tumsifu Yesu Kristo”. Kisha: “Tražim podatke o obitelji Jurić, zvanoj” na uweke nadimak. Yaani unatafuta habari za familia ya Jurić, aitwaye fulani. Omba kitu kimoja tu: ubatizo wa mtu mmoja, kwa jina lake, jina la baba yake, na muda usiozidi miaka mitano. Paroko wa kijijini ana parokia mbili au tatu na hana karani. Ukimwomba “historia yote ya ukoo” barua itakaa kwenye droo. Usiandike karibu na Pasaka wala Krismasi. Ambatisha nakala ya karatasi uliyo nayo, weka sadaka ya kanisa, na uulize kama yupo mzee wa ukoo huo kijijini anayeweza kupokea simu. Katika barua nilizowasaidia watu kuandika, ombi hilo la mwisho ndilo linalojibiwa haraka zaidi.